Daftari la Usiku: Utafiti wa Uuguzi kwa Wagonjwa wa Ubongo na Uti wa Mgongo

Mhadhara kwa wananchi, wauguzi na wahudumu wa afya ya jamii, Katito, Nyakach

Nimefundisha uuguzi kwa miaka mingi, na kabla ya hapo nilizunguka wodini mchana na usiku. Lakini jambo lililonileta leo sikulipata darasani wala wodini. Nililipata katika nyumba moja ya huku kwetu Nyakach, kwa mama mmoja na daftari la shule la mjukuu wake.

Mume wa mama huyo alipatwa na kiharusi. Upande wa kulia ukapooza, na maneno yakamkwama kooni. Alilazwa, akatibiwa, akaruhusiwa. Siku ya kutoka, mama aliambiwa: mgeuze kila baada ya saa mbili, mchana na usiku, asije akapata vidonda vya kulalia. Alipofika nyumbani akachukua daftari, akachora mistari kwa rula, akagawa ukurasa sehemu nne: saa, ubavu, uji, mkojo. Nilipowatembelea mwezi mmoja baadaye, alilitoa chini ya mto wa mgonjwa akaniwekea mapajani. Saa kumi na mbili asubuhi, kushoto. Saa mbili, chali. Saa nne, kulia. Mwandiko ulikuwa wa polepole, wa mtu aliyeacha shule mapema, lakini hakuna mstari wa mchana uliorukwa. Ila kila ukurasa ulikuwa na pengo. Kuanzia saa tano za usiku hadi saa kumi na moja alfajiri, mistari ilikuwa mitupu. Nikamwuliza kulikoni. Akanitazama kama mtu anayemweleza mtoto, akasema, "Sista, usiku hata mimi hulala."

Naomba tulishike daftari hilo, na hasa mistari yake mitupu, hadi mwisho wa mazungumzo yetu.

Wagonjwa wenyewe ni nani

Tunaposema magonjwa na majeraha ya ubongo, uti wa mgongo na neva, msidhani tunazungumzia watu wa mbali. Hapa Katito ndipo barabara inayotoka Ahero hugawanyika: mkono mmoja unapanda Sondu kuelekea Kisii, mwingine unashuka Kendu Bay hadi Homa Bay. Penye njia panda pana biashara, na penye biashara pana pikipiki. Kila mmoja wetu anamjua kijana aliyeangushwa na pikipiki, akapona mguu, lakini tangu siku hiyo hasira zake zimekuwa za karibu na jina la jirani humpotea. Huyo ni mgonjwa wa ubongo, hata kama kovu halionekani.

Kuna presha, inayokaa mwilini miaka bila kubisha hodi, kisha siku moja mtu anaamka hawezi kushika kijiko. Kuna malaria ya ukanda wetu wa ziwa, ambayo ikipanda ubongoni humtia mtoto degedege na kumzimisha fahamu. Kuna kifafa, tunachokiita ndulme kwa Dholuo, ugonjwa unaowafanya majirani wengi hadi leo waogope kumgusa anayeanguka. Na kuna waliovunjika uti wa mgongo kwa kuanguka mtini au barabarani, wanaoishi miaka mingi wakiwa hawasikii miguu yao.

Wagonjwa hawa wana jambo moja linalowaunganisha. Daktari huwaona kwa dakika. Muuguzi huwaona kwa saa. Jamaa zao huwaona kwa miaka. Kwa hiyo sehemu kubwa ya tiba yao hufanywa na mikono: kugeuza, kulisha, kuosha, kuketisha, kuhesabu pumzi, kutazama macho. Swali la utafiti wa uuguzi ni rahisi kulitamka: je, haya tunayofanya kwa mikono yanasaidia, hayasaidii, au yanaumiza?

Mazoea si ushahidi

Nilipokuwa muuguzi mchanga nilifundishwa kuwa ngozi ya mgonjwa asiyejigeuza ikianza kuwa nyekundu, umwage spiriti kiganjani, umsugue mgongo na makalio kwa nguvu, kisha umpake poda. Tulisugua kila asubuhi, wodi nzima ikanukia spiriti. Nilisugua kwa moyo safi. Leo tunafundisha kinyume chake: ngozi iliyokwisha kubanwa na kunyimwa damu haisuguliwi, kwa sababu nyama ya chini yake tayari imejeruhiwa, na kusugua kunaiongezea jeraha. Kinachoiokoa ni kuiondolea mbano. Nimewakumbuka mara nyingi wale niliowasugua. Hakuna aliyenidanganya makusudi. Walionifundisha walifundishwa hivyo hivyo, na hakuna aliyekuwa amekaa chini akapima.

Aliyekaa chini akapima alikuwa muuguzi. Doreen Norton wa Uingereza, pamoja na wenzake, alichapisha mwaka 1962 utafiti kuhusu kuwauguza wazee hospitalini. Aliangalia vidonda vya kulalia kwa makini ya mhasibu, akatunga kipimo chenye mambo 5: hali ya mwili, hali ya akili, kutembea, uwezo wa kujigeuza, na kuzuia choo na mkojo. Kila jambo lina alama 1 hadi 4. Jumla ikishuka hadi 14 au chini, mgonjwa yuko hatarini. Kipimo hicho hakihitaji mashine wala umeme. Kinahitaji muuguzi anayetazama na kalamu inayoandika.

Tangu hapo wauguzi na wenzao wameuliza maswali mengi ya namna hiyo, na majibu mengine yamewashangaza. Tulidhani mgonjwa wa kiharusi akiamshwa mapema na mara nyingi, ndani ya siku ya kwanza, atapona haraka zaidi. Utafiti wa AVERT, uliotolewa mwaka 2015 ukiwa na wagonjwa 2,104, ulionyesha kuwa walioamshwa mapema na kwa wingi walipungukiwa na matokeo mazuri miezi 3 baadaye, wakilinganishwa na walioamshwa kwa kiasi cha kawaida. Bidii yenyewe, ikizidi, ilikuwa na madhara. Tulibishana miaka kama mgonjwa wa kiharusi alazwe kichwa kikiwa chini au kimeinuliwa. Utafiti wa HeadPoST wa mwaka 2017, wenye wagonjwa 11,093, haukupata tofauti ya maana.

Lakini kuna jibu lingine ambalo kila kituo cha afya kingepaswa kulibandika ukutani. Huko New South Wales, Australia, muuguzi Sandy Middleton na wenzake walichukua vitengo 19 vya kiharusi. Vingine viliendelea kama kawaida. Katika vingine wauguzi walifundishwa kusimamia mambo matatu tu: homa, sukari na kumeza. Pima joto mara kwa mara na ulishushe likipanda. Pima sukari na uidhibiti. Usimpe mgonjwa chakula wala maji kabla hujahakikisha kwamba anaweza kumeza. Matokeo yalichapishwa mwaka 2011. Siku 90 baada ya kulazwa, wagonjwa waliokufa au kubaki wakitegemea wengine walikuwa 58% katika vitengo vya kawaida na 42% katika vitengo vya utaratibu ule. Tofauti hiyo haikuletwa na dawa mpya. Ililetwa na wauguzi waliofanya mambo madogo kwa wakati, kila siku, bila kuruka.

Hebu tulete hili jikoni. Mgonjwa anarudi nyumbani, mama kwa huruma anamwekea nyuka, yaani uji mwepesi, anamwinulia kichwa kidogo akiwa bado amelala, anammiminia kwa kikombe. Uji unapotea njia, unaingia kwenye mapafu. Siku 3 baadaye ana homa, na watu wanasema kiharusi kimerudi. Hakikurudi. Alipaliwa. Mketishe kwanza, awe wima kabisa, kidevu kikielekea kifuani. Mpe maji kijiko kimoja cha chai. Tazama koo lake linavyopanda na kushuka. Msubiri atoe sauti. Akikohoa, au sauti ikiwa kama ya mtu anayezungumza huku amesukutua maji, acha hapo, umwite muuguzi.

Macho yanayomfuata mama

Ili kumtafiti mgonjwa wa ubongo ni lazima kwanza muwe na lugha moja ya kusema hali yake. Zamani mmoja aliandika "amesinzia," mwingine "amelegea," mwingine "hajitambui," na daktari wa zamu ya pili hakujua kama mgonjwa anaendelea vizuri au anazama. Mwaka 1974, Graham Teasdale na Bryan Jennett wa Glasgow walitoa kipimo cha fahamu ambacho hadi leo kimo katika faili za wagonjwa wetu: macho alama 4, maneno 5, mwendo wa viungo 6. Aliye macho kabisa ana 15. Wa chini kabisa ana 3. Muuguzi anapoandika 13 saa mbili na 10 saa nne, amepiga kengele bila kupaza sauti.

Kipimo hicho kina uzito wake barabarani kwetu. Kwa miongo kadhaa, walioumia kichwa walipewa dawa za steroidi kwa imani kuwa zinapunguza uvimbe wa ubongo. Utafiti wa CRASH uliwapima watu wazima 10,008 wa nchi nyingi, na mwaka 2004 ukatangaza kuwa waliopewa dawa hiyo walikufa kwa wingi zaidi kuliko ambao hawakupewa. Walioingizwa katika utafiti huo walichaguliwa kwa alama zile za fahamu. Na kwenu vijana wa pikipiki, hesabu nyingine: uchambuzi wa tafiti nyingi uliotolewa mwaka 2008 ulionyesha kuwa helmeti hupunguza majeraha ya kichwa kwa takriban 69% na vifo kwa takriban 42%. Helmeti inayoning'inia kwenye mkono wa pikipiki haimo katika hesabu hiyo.

Lakini kipimo cha Glasgow kinadai maneno, na mtoto wa mwaka mmoja hana maneno. Ndipo madaktari waliokuwa wakitibu malaria kali huko Blantyre, Malawi, wakatunga mwaka 1989 kipimo cha watoto wadogo chenye alama 5. Mbili ni za viungo: ukimbonyeza panapouma, anaupeleka mkono pale, anajivuta tu, au hafanyi kitu? Mbili ni za kilio: analia vizuri, anaguna tu, au yuko kimya? Moja ni ya macho. Na hiyo moja ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Muuguzi anamwomba mama asogee upande mmoja wa kitanda, kisha wa pili, na kuangalia kama macho ya mtoto yanaufuata uso wake. Yakiufuata, alama moja. Katika sayansi yote ya ubongo niliyoisoma, sijui kipimo kingine kinachomhitaji mama asimame pale ili kikamilike.

Utafiti ufuate mgonjwa mpaka nyumbani

Mtoto huyo akizinduka, wodi hufurahi, na ni haki. Jina lake huandikwa "amepona" katika kitabu cha hospitali. Lakini watafiti wa Mulago, Kampala, waliendelea kuwafuata watoto waliopona malaria ya ubongo, na mwaka 2008 wakaeleza kuwa baada ya miaka 2, takriban mmoja kati ya 4 alikuwa na upungufu wa akili ya kujifunza, kukumbuka au kuzingatia, kiwango kilicho mara kadhaa ya kile cha watoto wenzao. Mwalimu darasani humwita mvivu. Kitabu cha hospitali humwita mzima. Mama peke yake ndiye anayejua kuwa mtoto aliyerudi si sawa kabisa na aliyepelekwa.

Kifafa nacho kinatufundisha hivyo hivyo. Huko Kilifi, watafiti hawakungoja wagonjwa waje kliniki. Walienda vijijini, na wakapima damu kuona kama dawa zimo mwilini kweli. Mwaka 2012 waliripoti kuwa takriban 62% ya wenye kifafa hawakuwa wakipata tiba inayostahili. Na si kwamba tiba haipo. Utafiti uliofanywa eneo la Nakuru, ukachapishwa mwaka 1991, uliwapa wagonjwa 302 dawa za kawaida kupitia huduma za afya za msingi, na zaidi ya nusu ya waliomaliza mwaka hawakuanguka tena katika nusu ya pili ya mwaka huo. Katika wilaya ya Hai, Kilimanjaro, watafiti walibisha nyumba kwa nyumba katika eneo lenye watu zaidi ya 161,000 wakitafuta ugonjwa wa Parkinson, ule wa kutetemeka na kukakamaa. Walipata wagonjwa 33, na wengi wao hawakuwa wamewahi kuambiwa jina la kinachowatetemesha.

Mnaona basi. Anayehesabu hospitalini tu huwahesabu waliofika hospitalini. Kutoka Katito hadi hospitali kuu ya rufaa pale Kisumu, ile ya Jaramogi Oginga Odinga ambayo wengi wetu bado tunaiita Russia, kuna nauli. Kuna kumbeba mtu asiyeweza kuketi kwenye matatu. Kuna siku ya soko iliyopotea. Wengi hukomea njiani. Ndiyo maana nasema utafiti wa uuguzi kwa wagonjwa hawa ambao haufiki nyumbani umeishia nusu ya safari.

Mistari mitupu

Sasa turudi kwenye daftari. Agizo la kugeuza kila baada ya saa mbili lilitoka wodini, kwenye zamu tatu za wauguzi. Mwaka 2013, utafiti wa wazee 942 katika nyumba za kutunzia wazee Marekani na Kanada ulilinganisha kugeuza kila baada ya saa 2, 3 na 4, na haukuona tofauti. Lakini wazee wale walilala juu ya magodoro mazito yaliyotengenezwa kupunguza mbano. Mume wa mama yule alilala juu ya godoro la sponji lililokwisha kubonyea katikati, chini yake nailoni, na juu yake shuka lililokunjamana. Je, saa 4 zinatosha kwenye godoro hilo? Saa 3? Sponji ikikunjwa na kuwekwa chini ya vigimbi vya miguu ili visigino vielee hewani, usiku unaweza kurefushwa kwa kiasi gani? Haya ni maswali yetu, na yanahitaji kupimwa kwenye vitanda vyetu wenyewe.

Wapo watakaosema: tuwafundishe jamaa, basi. Huko India, katika hospitali 14, wagonjwa 1,250 wa kiharusi waliingizwa katika utafiti ulioitwa ATTEND. Nusu ya familia zilifundishwa kuendeleza mazoezi nyumbani. Matokeo yalitoka mwaka 2017, na baada ya miezi 6 hali za wagonjwa wa pande zote mbili zilikuwa sawa. Nilipousoma nilihuzunika, kwa sababu ndilo jambo nililokuwa nikiliamini. Kisha nikaikumbuka ile mistari mitupu. Nadhani, na ninasema nadhani kwa sababu bado halijapimwa hapa, kwamba elimu peke yake haimwongezei mama saa za usiku. Aliyejua la kufanya alikuwepo. Mikono ndiyo iliyokuwa michache.

Kwa hiyo nawaletea ombi. Tunao wahudumu wa afya ya jamii ambao tangu mwaka 2023 wamepewa mikoba yenye vifaa vya kazi, ikiwamo mashine ya presha. Tunao wauguzi katika vituo. Tuanze kuandika, nyumba kwa nyumba: nani anamgeuza mgonjwa, saa ngapi, amelala juu ya nini, ngozi ya kisigino na ya kitako ikoje kila juma, anamezaje, dawa ya presha iliisha lini. Kazi hiyo ifuate sheria: ipate idhini ya kamati ya maadili na kibali cha NACOSTI, tume ya taifa inayotoa vibali vya utafiti. Mgonjwa asiyeweza kusema asiguswe kwa utafiti bila jamaa kueleweshwa kwa lugha yao, na siku akirudiwa na maneno, aulizwe mwenyewe upya. Na majibu yarudi hapa Katito, yasomwe mbele yenu kabla hayajasomwa kwenye mkutano wowote wa wataalamu. Nyinyi ndio mliokesha, na aliyekesha ana haki ya kusikia kwanza.

Nimalize na nyumba ile. Siku ile niliona kwenye kisigino cha kulia cha mgonjwa alama nyekundu iliyolingana na sarafu ya shilingi 20. Niliibonyeza kwa kidole na haikugeuka kuwa nyeupe. Hiyo ni dalili kwamba kidonda kiko mlangoni. Hatukumkemea mama. Tuliita watu wa boma, tukaketi kuzunguka kitanda na lile daftari katikati. Mtoto wa shemeji yake, anayeendesha boda boda hapa stejini, akasema hurudi saa sita za usiku na njia yake inapita mlangoni. Mjukuu akasema huamka saa kumi na moja kujitayarisha kwenda shule. Ikabaki zamu moja katikati, na mama akasema hiyo ataiweza.

Nyumba moja si utafiti, na wanafunzi wangu wananijua kwa kulisema hilo. Siwezi kuwaambia kuwa mpango wa boma lile utafaa maboma mia. Ninalojua ni nililoliona niliporudi. Kisigino kilikuwa kimerudi rangi yake. Na kwenye daftari, kuanzia saa tano za usiku hadi saa kumi na moja alfajiri, palikuwa na miandiko mitatu.